Kiko kilicholia: kisa cha tundu mbili katika karakana ya Nakuru

Mwalimu alirudi siku ya tisa. Hakuketi. Alijaza tumbaku, akawasha, akavuta mara nne tano akiwa amesimama mlangoni ili moshi usiniingilie, kisha akanisogezea kiko sikioni. "Sikiza mwenyewe, fundi."

Kilikuwa kinalia. Sauti ndogo ya maji yanayochemka ndani ya mti, grr-grr-grr, kila alipovuta. Alipokiinamisha, tone jeusi likadondoka kwenye saruji, na harufu yake ilikaa karakanani mpaka jioni.

Fundi aliyenifunza kukereza alikuwa mtu wa Mombasa, na ndiye aliyenipa majina ya viungo vya kiko kama watu wa pwani wanavyovitaja kwenye kiko chao cha maji: bori ni pale panapokaa tumbaku na moto, digali ni bomba linaloshuka kutoka kwenye bori, shilamu ni ile inayoingia mdomoni. Ile sauti ya moshi ukipita majini huitwa malio. Kwenye kiko cha maji malio ndiyo starehe yenyewe. Kwenye kiko kikavu cha mti malio ni ugonjwa, na hicho cha Mwalimu nilikuwa nimekitengeneza mimi. Naandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi wenzangu wa mbao, kwa sababu kosa lilikuwa mahali ambapo jicho halifiki, na nilitumia wiki tatu kulielewa.

Kazi ilianza hivi. Mwalimu alistaafu zamani, anakaa upande wa Bahati, na amevuta kiko tangu ujana. Kiko chake cha zamani kilipasuka bori, shilamu ikabaki nzima. Bintiye aliye Italia akamletea vipande viwili vya briari vilivyokaushwa, kila kimoja kama sentimita 4 kwa 5 kwa 12, akamwambia atafute mtu wa kumchongea. Watu wa Nakuru wanaonijua wananijua kwa miguu ya meza, bakuli za mzeituni na vinara. Kiko sikuwahi kuchonga. Nilimwambia hivyo waziwazi, naye akasema ana vipande viwili, kimoja ni cha kujifunzia.

Briari si mti mkubwa. Ni kichaka, wataalamu wa mimea wanakiita Erica arborea, na kinachotakiwa si shina lake bali fundo linaloota kati ya mizizi na shina, chini ya udongo. Kwenye nchi za Bahari ya Kati, kama Italia, Ugiriki, Korsika, Uhispania na Algeria, majira ya joto hukauka sana na moto wa nyika hupita mara kwa mara. Kichaka kikiungua juu, lile fundo lililo ardhini ndilo linalochipua tena. Kwa hiyo limejengwa gumu, zito, lenye nyuzi zilizosongamana ambazo hazipasuki kwa urahisi wala kushika moto upesi. Wachimbaji hulikata, hulitunza lisikauke ghafla, kisha vipande huchemshwa kwa saa nyingi mpaka utomvu na uchachu utoke, halafu hukaushwa polepole kwa miezi, wengine kwa miaka. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura huko Ufaransa, umeishi kwa kazi hii tangu katikati ya karne ya 19.

Nilipowaambia wenzangu jina la mti huo, rafiki mmoja wa Kitale akacheka akasema mbona upo kwetu. Ni kweli. Mti uleule unaota Mlima Elgon, kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, juu ya ukanda wa mianzi, kwenye baridi ya karibu mita 3,000 kwenda juu, na kule kwenye ukungu unarefuka kuliko ule wa Ulaya. Alitaka kuniletea mizizi. Nilimkatalia. Elgon ni hifadhi ya taifa, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuchimbua mti pale, na hata kama ungeanguka wenyewe shambani kwa mtu, fundo bichi lisilochemshwa lingepasuka mikononi mwangu kabla ya Krismasi. Afrika Mashariki ina historia yake ya viko hata bila huo mti: udongo mweupe wa Amboseli, ule mwepesi unaochongeka kama sabuni, ulitengenezewa viko Arusha na kuuzwa nje ukiwa na jina lenyewe la Kiswahili, Kiko, na alama ya tembo. Hadithi hiyo inastahili mtu wa kuiandika peke yake.

Turudi kwenye jiliwa.

Kipande cha kwanza nilikichora umbo la kawaida kabisa: bori lililosimama, digali lililonyooka, shilamu iendelee na mstari wa digali. Urefu wa bori milimita 42, tundu la tumbaku lenye upana wa milimita 20, njia ya moshi milimita 4. Shilamu nilitumia ileile ya zamani ya Mwalimu, ya eboniti, yaani mpira uliogandishwa kwa salfa. Ilikuwa imegeuka kijani kwa jua, nikaisugua kwa msasa laini wa maji ikarudi nyeusi. Nilifurahi kwamba nusu ya kazi nimeikuta imefanywa. Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisiipime.

Nje, kiko kilitoka kizuri. Nyuzi zilisimama mbele ya bori kama mvua, na juu ya ukingo zikaonekana vidoadoa mviringo, kwa sababu pale unaona nyuzi zilezile zikiwa zimekatwa vichwa. Kulikuwa na kishimo kidogo ubavuni, kasoro ya kawaida ya briari kwa vile fundo huota likikumbatia mchanga na kokoto, nikakisugua mpaka kikaisha. Nikapaka vanishi mara mbili. Kila aliyepita karakanani alikishika. Mwalimu alipokipokea alikizungusha mkononi kwa muda mrefu, akasema, "Hiki nitazikwa nacho." Siku ya tisa ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Mimi sivuti. Kwa hiyo nilipokipima kabla ya kukitoa nilivuta hewa tu, nikaona inapita, nikaridhika. Hewa baridi haiachi maji ndani ya kiko. Hilo ndilo jambo la kwanza nililopaswa kulijua: tumbaku ikiungua hutoa mvuke, wa unyevu uliokuwa ndani ya majani na ule unaozaliwa na moto wenyewe, na mvuke huo lazima utoke mdomoni kama moshi au ushuke mahali kama maji. Swali la malio, basi, ni moja tu: unashuka wapi, na kwa nini pale?

Nilimwomba Mwalimu aniachie kiko siku mbili. Nilikisafisha kwa pamba na spiriti, nikakianika, kisha nikachukua spoku ya baiskeli, ile ya milimita 2, nikainyoosha na kusaga ncha yake iwe butu. Nikaipitisha kutoka kwenye shilamu. Iliingia vizuri mwanzoni, ikafika kwenye kiungo cha shilamu na digali, ikakwama. Nikaichezesha, ikapita. Nikaivuta nje na kuipitisha tena, ikakwama palepale. Njia iliyonyooka haina sababu ya kukwamisha spoku.

Nikatoa shilamu. Ulimi wake, ule unaoingia ndani ya digali, nikaupima: milimita 14. Shimo nililouchimbia: milimita 20. Nilikuwa nimechimba 20 kwa sababu ndicho kipimo nilichokisoma, bila kuangalia kwamba shilamu hii ilitengenezwa kwa kiko kingine. Ili nisijidanganye kwa rula, nilibandika nta laini ya mshumaa kwenye ncha ya ulimi, nikausukuma hadi mwisho, nikauchomoa. Nta ilitoka haijaguswa. Nikaongeza nta, nikasukuma tena. Ilikuja kubonyea ilipofika urefu wa milimita 6.

Kumbe ndani ya digali kulikuwa na chumba. Kina cha milimita 6, upana wa 8, kimefichwa kwa mti upande mmoja na eboniti upande wa pili. Moshi unatoka kwenye njia ya milimita 4 na kuingia ghafla kwenye nafasi yenye upana mara mbili, maana yake eneo mara nne, kwa hiyo mwendo wake unashuka hadi robo. Unapunguza mwendo, unajizungusha, unagusa kuta zilizo mbali na moto na zenye ubaridi, mvuke unageuka maji. Chumba kile kinabeba kama matone sita. Yakishajaa nusu tu, kila pumzi inayopita inapiga mapovu. Nilikuwa nimemtengenezea Mwalimu kiko cha maji bila kujua.

Nikadhani nimemaliza. Lakini alikuwa ameniambia jambo la pili, nami sikulipa uzito: kila akimaliza, chini ya bori inabaki tumbaku mbichi, imelowa, na ladha ya mwisho ni chungu. Hilo halikuelezwa na chumba cha kwenye digali. Nikaiingiza spoku tena, safari hii mpaka iguse ukuta wa mbele wa bori, nikaiacha imelala kwenye sakafu ya njia ya moshi. Kisha nikashusha kijiti cha kiberiti ndani ya bori nione kama kitapita chini yake. Kilipita chini ya spoku na nafasi ikabaki. Nilipopima, sakafu ya bori ilikuwa milimita 4 chini ya njia ya moshi.

Hapo ilinibidi nikae kwenye kiti. Kwenye mchoro wangu, ambao bado ninao, tundu la tumbaku lina kina cha milimita 33, na njia ya moshi inatua sawasawa kwenye sakafu yake. Mchoro haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye biti. Nilichukua biti bapa ya mbao, nikaisaga kwenye jiwe ncha yake iwe mviringo kama kijiko, maana bori halitakiwi kuwa na pembe chini. Halafu nikafunga utepe wa kuonyesha kina, na nikaupima kuanzia pale ubapa unapoanza kupinda badala ya kuanzia kwenye ncha yenyewe. Duara la ncha lilikuwa na milimita 4. Utepe ulipofika kwenye ukingo wa bori, mimi nikasimamisha mashine nikiamini niko 33, na ncha ilikuwa tayari 37. Isitoshe, nililichimba bori kwanza na njia ya moshi baadaye, kwa hiyo hakukuwa na kitu ndani cha kuniambia nimepita.

Tumbaku iliyo chini ya njia ya moshi haipati hewa. Inapokea maji yanayoshuka kutoka juu na kukaa nayo. Zaidi ya hapo, sakafu niliyokusudia iwe na unene wa milimita 9 ilibaki 5. Kiko kingeweza kutoboka kwa moto siku moja, na Mwalimu angekuwa amekishika.

Nilikuwa na sababu mbili, na sikutaka kuzirekebisha kwa pamoja, kwa maana nisingejua ipi imefanya nini. Mwalimu, ambaye alifundisha sayansi ya darasa la saba miaka mingi, alilipenda wazo hilo kuliko mimi. "Badilisha kitu kimoja, fundi. Nami nitavuta vilevile."

Nikaanza na digali. Kutengeneza shilamu mpya yenye ulimi mrefu kungekuwa njia safi zaidi, lakini sikuwa na eboniti, na ile ya zamani meno yake yameizoea. Nikafanya kinyume: badala ya kurefusha ulimi nikafupisha shimo. Nilikata milimita 5 na nusu kwenye uso wa digali kwa msumeno wa meno madogo, nikausawazisha kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo ili uso ukae sawa kabisa na bega la shilamu, kisha nikasugua ubavu mpaka kucha isisikie kiungo. Kiko kilifupika kidogo na kikawa na shingo nene kuliko mwanzo. Mimi naona kilipoteza kitu. Spoku ikapita bila kukwama. Nafasi ya nusu milimita iliyobaki niliiacha makusudi, kwa sababu mti ukipata unyevu hutanuka, na ulimi unaogonga mwisho wa shimo unaweza kulipasua digali.

Alikivuta siku tano. Malio yalipungua sana, hayakuisha. Yalikuja mwishoni mwishoni tu, karibu na sakafu. Tumbaku iliyolowa ilibaki vilevile. Kwa hiyo chumba ndicho kilichokuwa kikilia, na kisima cha bori ndicho kilichokuwa kikikilisha.

Katika siku hizo tano niligundua jambo la tatu ambalo halikuwa langu. Nilimwomba anionyeshe mkebe wake. Ndani alikuwa ameweka kipande cha kiazi mbichi ili tumbaku isikauke, desturi ya wazee wengi, na majani yalishikana kama uji. Unyevu wote huo lazima upite mahali. Tukakubaliana atandaze kiasi cha kuvuta juu ya gazeti saa moja kabla. Nakuru ya Februari, pamoja na upepo wake wa vumbi unaotoka upande wa ziwa, nusu saa ilitosha. Nalisema hili kwa tahadhari, kwa sababu fundi akishapata kosa la mteja hupenda kulikumbatia. Kiko kilichochimbwa vizuri kinavumilia tumbaku yenye unyevu. Changu hakikuvumilia.

Kisha sakafu. Mti ulioondolewa haurudi, lakini wavuta viko wana dawa ya zamani: majivu laini yaliyochekechwa, yaliyokandwa kwa maji kidogo mpaka yawe udongo mzito. Nilitumia majivu ya tumbaku yake mwenyewe, aliyoyakusanya kwenye kopo. Nikapitisha spoku kwenye njia ya moshi ili isizibe, nikajaza chini yake kwa kijiko kidogo, nikasawazisha kwa ncha ya kidole cha mwisho mpaka udongo ulipofikia mgongo wa chini wa spoku. Nikaizungusha spoku kila baada ya muda isigandie. Siku tatu za kukauka kivulini. Sakafu ikapanda milimita 4, na unene uliopungua ukafidiwa kidogo.

Vanishi nayo niliitoa. Karibu na ukingo ilikuwa imefanya malengelenge kwa joto, na ilifunika mti ambao ungepaswa kushikwa ukiwa wenyewe. Nilijaribu nta ya nyuki, ikalainika mkononi alipokuwa akivuta. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu. Wachongaji wa viko hutumia nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, kwa kuwa inastahimili zaidi ya 80. Mng'arishaji fanicha mmoja Nairobi alinigawia vipande vichache.

Kipande cha pili cha briari nilikichonga mwezi uliofuata, na sina mengi ya kusema juu yake kwa kuwa kila kitu kiligeuzwa mpangilio. Nilipima ulimi wa shilamu kwanza, safari hii shilamu mpya ya akriliki aliyoiagiza bintiye, ukawa milimita 18, nikachimba shimo la 18 na nusu. Nikachimba njia ya moshi kabla ya bori. Nikalishusha bori mwisho, biti ikipimwa kutoka kwenye ncha yenyewe, na tangu milimita 28 nikawa nasimamisha mashine kila baada ya milimita moja, napuliza vumbi, namulika ndani kwa tochi ya simu. Kwenye 32 kikatokea kivuli cha mwezi mwandamo kwenye ukuta wa nyuma, yaani mdomo wa njia ya moshi. Kwenye 34 ukawa mwezi mzima, umekaa juu ya sakafu. Nikazima mashine. Nje, kipande hicho kilikuwa na nyuzi za ovyo na vishimo vitatu, nikalazimika kukichonga makovu pande zote ili kasoro zisionekane peke yake. Hakuna aliyepita karakanani aliyekiomba akishike.

Mwalimu alikivuta mbele yangu mpaka mwisho, dakika arobaini na kitu, tukizungumza habari za wanafunzi wake wa zamani. Kisha akakigonga kwenye kiganja. Yakatoka majivu ya kijivu, makavu, bila hata jani moja lililobaki. Nilipitisha spoku, ikatoka na unyevu kidogo wa kahawia, basi.

Malipo aliyotaka kunipa kwa kiko cha kwanza nilimrudishia. Aliyakataa, akasema kiko anakihitaji na kazi nimeifanya. Tukaachia nusu. Kile cha kwanza anakivuta Jumapili, kwa sababu ndicho kizuri, na wiki iliyopita alinipigia simu kwamba kimeanza kulia tena kidogo, mwishoni mwishoni. Nimemwambia akilete. Nashuku udongo wa majivu umemeguka upande wa nyuma, chini ya njia ya moshi, na nataka kuupima kwa kijiti cha kiberiti kabla hajaongeza majivu mwenyewe.